Kwa Mkubwa wa Madaraja

9 Januari

Kwa binti wa marehemu kaka yangu,

Marahaba naitanguliza kabisa, maana najua huko uliko umeshanisalimu moyoni. Sisi huku wazima. Kidonda cha mguu wa mama yako mdogo bado kipo, kila wiki anapanda basi kuvuka daraja kwenda zahanati ya ng'ambo kufungwa bandeji. Muuguzi wa kule anasema kinakauka, mimi naona kinakauka kwa maneno tu. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Bati la jikoni lililong'olewa na upepo nimelipigilia mwenyewe, juu ya ngazi, na umri huu, majirani wakabaki midomo wazi. Masikio yangu ni yale yale, nyundo za kazini zilikwisha kuyala, kwa hiyo usinipigie simu, nasikia mvumo tu kama nyuki ndani ya debe. Andika. Kondakta wa basi ananiletea barua mpaka mlangoni. Ananiheshimu.

Sasa neno lenyewe. Fundi viatu alikuwa amefunga soli kwenye gazeti, mara naliona daraja letu. Picha yake kabisa! Nikamwambia, we, toa hiyo soli. Tukasoma, yeye akinisaidia maneno marefu. Serikali inatafuta wahandisi washauri wa kusanifu ukarabati wa daraja, kampuni ziombe, zieleze uzoefu wao. Na chini kabisa, mwenye swali amwandikie Katibu wa Kamati, na katibu ni wewe, mwanangu, jina la ukoo wetu limekaa pale kwa herufi nene! Nikasimama palepale kibandani nikawatangazia wateja wote. Fundi viatu akasema, "Nondo, basi wewe ndiye utakayechagua." Nikamwambia, "Sasa ulidhani nani?"

Swali langu ni fupi. Uzoefu gani wanautaka kuliko huu wangu? Nimekuwa msimamizi wa kikosi cha daraja hili tangu baba yako yu hai mpaka waliponistaafisha kwa lazima. Hakuna nati ambayo mkono wangu haukuikaza. Kila mwaka tulilipaka rangi, tabaka juu ya tabaka, pengine rangi ina unene wa soli ya kiatu. Wageni walikuwa wakipita wanauliza, hili daraja jipya? Usijisumbue na makampuni. Niandike mimi. Na kama ni lazima mtu awe na kampuni, basi nitie kwenye hiyo itakayoshinda. Fanya upesi kabla hawajajaza nafasi.

Mimi baba yako mdogo,
Nondo, mkaza daraja


27 Januari

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imenichekesha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Nimemuona mbuzi na pacha wake kama vile nipo hapo. Mwambie mama mdogo asiruke hata wiki moja ya zahanati, na wewe shuka kwenye ngazi, tafadhali. Wadogo zangu wote wawili wamerudi shule. Yule wa mwisho sare yake inamburuza, nimenunua kubwa makusudi ili imfae mpaka mwakani. Wanakusalimu.

Kuhusu daraja. Mshauri tunayemtafuta si fundi wa kukaza nati, baba mdogo. Ni kampuni itakayolipima daraja, itoboe zege, ichore, iseme kipi kibadilishwe na kipi kibaki. Ikishamaliza ndipo atafutwe mkandarasi wa kufanya kazi yenyewe. Na mimi sichagui. Napokea maombi, naandika yaliyosemwa kwenye kikao, nafunga kabati. Wanaochagua ni wajumbe, na juu yao yuko Mkubwa.

Kamati ilipoanza nilitia sahihi kwamba sina ndugu mwenye maslahi katika kazi hii. Siku ile sikukufikiria, kwa sababu umestaafu na huna kampuni. Naomba nisilazimike kukufikiria.

Na tafadhali, usiwatangazie watu kibandani kwamba katibu ni mwanao. Si kwamba nakuonea aibu. Kazi hii ndivyo ilivyo.

Mwanao


14 Februari

Kwa binti wa kaka,

Salamu. Mama yako mdogo hajambo, ila anauliza mbona umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Barua yako ilikaa chini ya mto wangu siku kadhaa nikiwa sitaki kukujibu, maana ilinichoma. Eti fundi wa kukaza nati! Ungemwambia baba yako maneno hayo angekucheka, yeye alikuwa anavua kofia akinikuta kazini.

Lakini Mungu si wa kwenu peke yenu. Wahandisi wamekuja wenyewe kuliona daraja. Walikuja wengi, makundi makundi, mimi nilizungumza na makundi mawili.

La kwanza ni wale wanaume wa kofia za njano. Watu hao, mwanangu! Mkubwa wao mnene, mcheshi, ameshuka tu kwenye gari, "Shikamoo mzee! Tumeambiwa huku kibandani kwamba daraja ni lako." Nikasema, "Mmeambiwa kweli." Nikawatembeza mwanzo mpaka mwisho, nikawaonyesha mahali niliponing'inia na kamba siku ile ya mafuriko. Wakapiga picha nami. Nikawaleta nyumbani, mama yako mdogo akachemsha chai. Mnene akaiona picha yako ukutani, ile ya joho. Akaitazama, akarudi akaitazama tena. "Huyu tunamfahamu, mzee. Ana bahati ya kuwa na baba kama wewe." Kisha akaniambia wakipata kazi wataniandika mshauri wa historia ya daraja. Umesikia cheo hicho? Wakaniachia na kofia yao moja. Inanikaa vizuri.

Kundi la pili lilikuja na gari jeupe. Mkubwa wao mwanamke mfupi, ana spana kubwa mkononi, hana maneno. Akashuka chini ya daraja, pale linapokalia nguzo, akakwangua rangi yangu. Akakwangua na kukwangua. Kisha akaniuliza, "Mzee, nani alipaka hapa?"

"Mimi."

"Hapa hapakupaswa kupakwa. Hivi vyuma ni vya kuteleza. Jua likiwaka daraja linatanuka, hapa ndipo linapojinyooshea. Sasa vimegandishwa kwa rangi na kutu, daraja linazivuta nguzo."

Nikamwambia, "Binti, daraja halitembei. Lingetembea lingekuwa basi."

Vijana wake wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Yeye hakucheka. Akaandika kitu, akaendelea kukwangua. Mtu gani anakuja kwa watu anakwangua!

Niambie sasa zimebaki kampuni ngapi, na mnaamuaje, ili nijue nikae vipi. Wewe kuniambia mimi si kumwambia mtu, mimi ni baba yako.

Baba yako mdogo,
Nondo


3 Machi

Baba mdogo, shikamoo.

Poleni na pacha. Mwambie mama mdogo sijakonda, ni gauni lile. Mdogo wangu mkubwa amekuwa wa pili darasani kwa hesabu na amekuwa hashikiki ndani ya nyumba, anatembea kama amemeza fimbo. Amekurithi.

Niliposoma barua yako nilikaa chini. Najua hutatulia usipojua, kwa hiyo nakueleza, na hapohapo naishia. Zimebaki kampuni tatu. Kila moja ilileta bahasha mbili. Za utaalamu zimeshafunguliwa, wajumbe wanazitolea alama. Za bei zimefungwa kwenye kabati langu, ufunguo ninao mimi, hazifunguliwi mpaka alama zikamilike. Mhandisi mshauri huchaguliwa hivyo: kwanza nani anajua, ndipo nani anataka kiasi gani. Basi. Hakuna mtu mwingine nje ya chumba kile ninayemwambia haya.

Sasa nisikilize. Kuanzia leo usizungumze na kampuni yoyote. Usimwandikie mtu yeyote, si kampuni, si gazeti, si ofisi yetu. Ile kofia usiivae. Wale hawakuja kunywa chai, baba mdogo, waliiona picha yangu. Likijulikana hili nafukuzwa kazi. Nikifukuzwa, wadogo zangu hawana mwingine wa kuwasomesha, unajua tangu baba afariki ni mshahara huu tu. Na mashindano yote ya kampuni hizi yatafutwa, na daraja lako litabaki kama lilivyo mpaka lianguke.

Yule mhandisi wa gari jeupe usimdharau. Nimeshasema mengi kuliko nilivyotaka.

Kamati ikimaliza nitaomba likizo nije. Tutavuka kwa miguu sote, unionyeshe mahali ulipopaka.

Mwanao


30 Machi

Kwa binti wa kaka,

Salamu za huku. Mama yako mdogo anakohoa kidogo. Nimeuza yule mbuzi aliyebaki mwenye tabia ya kula nguo. Mambo ya barua yameharibika siku hizi, maana wameweka kibao pale darajani kwamba magari mazito yasipite, basi linazunguka njia ya juu, kondakta anaziacha barua kituo cha mafuta na zinafika zikitaka zenyewe. Mama yako mdogo sasa anavukia gari la kukodi dogo, na dereva wake anaendesha kama amebeba mayai. Kibao hicho ni uoga tu. Mimi nilisimama katikati ya daraja hili na lori la mchanga likapita, nikawa nahesabu nati kwa miguu.

Nina habari ya kukufurahisha. Nimeona unahangaika peke yako katikati ya watu wakubwa, wewe ni mpole kama baba yako, huwezi kuwaambia neno. Basi nimekusaidia. Nimemwandikia Mkubwa wako mwenyewe. Usishtuke. Nimeandika kwa adabu, kwa mkono wangu, hakuna aliyenisaidia hata neno moja. Mtu mzima haingii nyumba ya watu kabla ya kujitaja ni wa nani, kwa hiyo nikaanza kwa kujitaja. Mengine utayasikia huko huko, atakuita, najua atakuita.

Fundi viatu ameisoma kabla sijaifunga, akasema barua hiyo hata waziri hawezi.

Baba yako mdogo,
Nondo, mshauri


16 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Wadogo zangu wazima.

Mkubwa aliniita, kama ulivyosema. Alikuwa na wajumbe wote mezani. Aliisoma barua yako kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa hujaniandikia ulichosema, nakunakilia, nilipewa nakala:

"Kwa Mkubwa wa Madaraja. Mimi ndiye baba mdogo wa binti aliyeshika ufunguo wa kabati lenu, kwa hiyo mimi na wewe ni watu wa nyumba moja. Najua zimebaki kampuni tatu na bahasha za bei hamjazifungua, mnafanya vizuri. Kazi wapeni wa kofia za njano, ni watu wenye adabu, wamekunywa chai kwangu na nimo katika kundi lao. Yule mwanamke wa gari jeupe msimpe, ameitukana rangi yangu. Binti yangu ni mpole hawezi kusema, ndiyo maana nasema mimi."

Ulipotaja kabati mjumbe mmoja alicheka. Kisha akaona wenzake hawacheki.

Mkubwa akaniuliza, "Huyu ni baba yako mdogo kweli?" Kuna mtu alikuwa ameninong'oneza mlangoni niseme simjui, ni mzee tu wa darajani ameokota habari kibandani. Nikasema, "Ndiyo. Ni mdogo wake baba yangu. Amenilea likizo zote." Sikukukana, baba mdogo.

Akaniuliza tena, "Na habari za bahasha alizipata wapi?" Nikasema nilimwambia mimi. Ilikuwa kweli.

Nimeambiwa nisubiri nyumbani mpaka waamue.

Nataka jibu moja tu kutoka kwako. Maneno ya kampuni tatu, ya kabati na ya bahasha yamo kwenye barua yangu ya tarehe 3 Machi, kwingine hayapo. Kwa hiyo ilikufikia. Lakini katika barua hiyohiyo, chini yake, nilikuomba usimwandikie mtu. Ulipomwandikia Mkubwa, ulikuwa umeisoma barua yangu mpaka mwisho?

Mwanao


8 Mei

Kwa binti wa kaka,

Salamu. Mvua imekuwa nyingi, kuta za choo zimelowa, nimezishikiza kwa nguzo mbili. Mama yako mdogo mguu umevimba kidogo lakini anakula. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga amemwoza binti yake, walinikalisha mbele.

Nimesikitika kwamba Mkubwa wako hana malezi. Barua ya mtu mzima inasomwaje mbele ya meza ya watu? Mimi nilimwandikia yeye, sikuandikia kikao. Hapo ndipo kosa lilipo, na ningekuwa wewe ningemwambia. Kama unaona vigumu, nitapanda basi nije nimwambie mimi. Nina suti ile ya kustaafu, haijaliwa hata na mende mmoja. Nitasimama pale ofisini kwake niseme, bwana, mimi ni fulani, binti huyu ni wangu, kosa lake ni nini? Kunisalimu?

Na wewe nawe. Umesema "ilikuwa kweli". Nani alikulazimisha kusema kila kitu? Baba yako alikuwa hivyohivyo, akiulizwa saa anakueleza na saa ilivyotengenezwa.

Kuhusu mambo ya kusoma, mimi kusoma sina shida, unajua. Mwalimu wetu alikuwa ananiita mbele nisomee wenzangu. Walionitoa shuleni ni watu wa nyumbani, walitaka mikono ya shambani, si kwamba nilishindwa. Watu wengi hapa wananiletea karatasi zao. Macho tu siku hizi jioni yanachoka, hasa mwandiko mdogo kama wako, ungeandika mkubwa zaidi.

Nijibu upesi walivyosema.

Baba yako mdogo,
Nondo


2 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Nawasalimu wote.

Mashindano yamefutwa. Wa kofia za njano wamefungiwa kwa kukutembelea na kukuahidi kazi. Zile nyingine mbili hazina kosa, lakini hazikuweza kuendelea kwa sababu siri ya kamati ilikuwa imetoka. Fedha za usanifu zimerudishwa, maana mwaka wa serikali unaisha. Nimesikia daraja limeondolewa kwenye orodha ya mwaka ujao, limepangwa "baadaye".

Barua zisije tena ofisini. Tumia anwani niliyoandika nyuma ya bahasha.

Hukunijibu swali langu. Nimeandika kwa herufi kubwa safari hii.

Mwanao


25 Juni

Kwa binti wa kaka,

Salamu. Herufi nimeziona, umeandika kama mtoto wa darasa la kwanza, hujambo lakini.

Huku wamefunga daraja. Si kwa magari mazito tu, kwa magari yote. Wamepanga mapipa ya zege kila upande, wamebakiza upenyo wa mtu na baiskeli. Wamesema nguzo ya kati imepasuka kwa juu, pale linapokalia daraja. Nguzo! Nguzo hiyo imenizidi umri na bado mimi nasimama. Huyu ni yule mwanamke, amekwangua, maji yakaingia. Nawaambia watu kila siku.

Gari la kukodi halivuki, kwa hiyo mama yako mdogo namvusha kwenye toroli la mchanga, nimelitandikia gunia na blanketi. Nalisukuma mwenyewe. Watu wanataka kunisaidia, nawakatalia, hawajui kulikwepesha kwenye mbao mbovu za sakafu ya daraja, mimi nazijua zote. Wiki iliyopita mvua ilitukuta katikati, akaniambia, "Baba, tungekuwa na wale wahandisi sasa hivi wangekuwa wanapima." Nikamwambia anyamaze, ataingiwa na maji mdomoni. Muuguzi anasema kidonda kimeanza upya.

Nimeona umebadilisha anwani. Fundi viatu aliuliza, nikamwambia bila shaka umepandishwa cheo, wamekuhamishia ofisi kubwa zaidi, wakubwa hawapokei barua pale wanapopokelea watu wote. Wamefurahi sana hapa. Niambie cheo chenyewe kinaitwaje ili nisikosee nikikitaja.

Baba yako mdogo,
Nondo


20 Julai

Baba mdogo, shikamoo.

Pole yake mama mdogo. Mwambie nina mpango wa kumtumia dawa kwa kondakta, nikipata.

Sikupandishwa cheo. Nimefukuzwa. Nilifukuzwa tangu Mei, sikukuandikia hilo kwa sababu nilikuwa bado nangoja unijibu. Siku hizi nachapa barua za watu kwenye duka la kutoa kopi, nyuma ya pazia, mashine ikiunguruma kichwani kutwa. Mdogo wangu mkubwa, yule wa hesabu, ameacha shule, anapakua saruji ghalani. Anarudi nyumbani mweupe mpaka kope. Wa mwisho bado anasoma kwa huruma ya mwalimu mkuu, na huruma yenyewe tunaisikia ikipungua. Kule madukani wananiita Katibu. Wanadhani ni utani.

Kwa kuwa sasa sina kazi ya kupoteza, nikuambie lililokuwa kabatini. Mhandisi wa gari jeupe ndiye aliyekuwa anaongoza kwa alama, tena kwa mbali. Alikuwa peke yake aliyeandika kwamba vile vyuma vya kuteleza vitolewe kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, nguzo isije ikapasuka. Wale wako wa kofia za njano walikuwa wa mwisho. Barua yako haikuwafaa hata wao.

Sikuulizi tena kama uliisoma barua yangu mpaka mwisho. Nimeshajua kwamba majibu yote mawili yanakuuma kuliko yaliyonipata mimi.

Ninaomba kitu kimoja badala yake. Usinitaje. Kibandani, darajani, kwenye harusi za watu, popote. Ukiulizwa wewe ni nani, sema lolote unalotaka, jisifu uwezavyo, lakini usiseme mimi ni wako.


30 Agosti

Salamu.

Barua yako imefika. Hii nimeisoma yote, mpaka pale chini ambapo huandiki tena kwamba wewe ni mwanangu. Imenichukua siku nyingi. Ndiyo sababu nimechelewa, usidhani ni kituo cha mafuta.

Choo kimeanguka upande mmoja, nitakijenga. Mikono bado ninayo.

Juzi walikuja watu wa ofisi ya madaraja, wawili, na karatasi kwenye vibao. Hawakuja kupima, walikuja kuhesabu wanaovuka kwa miguu, wanataka kujua kama inafaa walibomoe tu. Nilikuwa nasukuma toroli, mama yako mdogo yumo ndani, ninahema kidogo, mlima ule wa kuingilia daraja. Mmoja wao akanisimamisha.

"Mzee, wewe ndiye Nondo? Yule mwenye binti ofisini kwetu?"

"Binti gani?"

"Yule katibu. Wa bahasha."

Nikamwambia, "Mimi sina mtu ofisini. Sina binti wa namna hiyo. Nakaa hapa tu."

"Mbona pale kwa fundi viatu wanasema ulikuwa unamtangaza kutwa?"

"Watu waongo."

Akaandika. Sijui aliandika nini. Mwenzake akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani zamani, nikasema nilikuwa mlinzi wa usiku mahali fulani. Hapo hukuniagiza, nimeongeza mwenyewe. Wakatupisha.

Mama yako mdogo hakusema kitu daraja zima. Anazo kelele zake mbao zinaporuka, anasema polepole, polepole, siku hiyo wala. Nilidhani amelala. Tulipofika zahanati muuguzi mpya, yule wa zamani amehamishwa, akawa anamwandikisha upya, akamuuliza, "Mama, una mtoto? Nani wa kuitwa ukizidiwa?"

Akakutaja wewe. Jina lako zima, na la kaka yangu. Alilisema kwa sauti kubwa, kwa kunitazama mimi, na mimi nikalisikia vizuri kabisa, na wote waliokaa kwenye benchi wakalisikia.

Sikumkataza. Toka siku hiyo hazungumzi nami, chakula ananiwekea mezani kama mpangaji.

Kwa hiyo mimi nimefanya kama ulivyotaka. Huyu amekataa. Mwandikie yeye mwenyewe, na uandike kwa herufi kubwa, atatafuta mtu wa kumsomea. Mimi hataniomba.

Mimi,
mzee wa hapa darajani